Unataka saa ya zamani ya bei mbaya? Anza na uso wake

Watu wengi wakianza kukusanya saa za zamani wanaanza na jina, Rolex, Omega, Patek, wakishaliona jina basi wanatoa hela. Mimi mwenyewe nilianza hivyohivyo, nikachukua Omega Seamaster ya miaka ya 60 kwa jamaa mmoja, inang'aa kama imetoka dukani jana, nafika nyumbani naiweka chini ya lenzi ndo naona yale maandishi ya "Swiss Made" pale chini ya namba 6 yamekaa upande, herufi nene, S imeegemea W. Uso umepakwa upya. Saa ni Omega kweli, mashine nzima, ila kwa wakusanyaji ile ilishakuwa nusu saa na mimi nimelipia saa nzima.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, tafuta lenzi ya fundi saa, ile ya kubana jichoni, ya kukuza mara 10 inatosha. Angalia maandishi, vistari vya dakika, na pale vistari vinapokutana na viduara vidogo, kwa sababu anayepaka upya huwa anateleza hapohapo. Uso wa miaka 50 kuwa na vidoa au kubadilika rangi si ugonjwa, kuna Rolex aina ya Submariner na GMT-Master nyeusi zilizopauka zikawa kahawia na watu wanaongeza hela kuzipata. Cha kukutia wasiwasi ni uso msafiii ndani ya bodi, lile ganda la chuma la saa, iliyochoka.

Halafu zima taa. Rolex na wenzake walitumia radiamu, kitu chenye mionzi, kwa ile rangi ya kuwaka gizani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60, wakahamia tritiamu mpaka karibu 1998, na saa ya tritiamu kwa kawaida utaikuta na herufi T pembeni ya neno Swiss. Sasa nguvu ya tritiamu inapungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, yaani saa ya 1970 leo haina cha kuwasha, ukiimulika na tochi inawaka kidogo inazima. Ikikaa inawaka usiku kucha kama taa ya bodaboda, ujue hiyo rangi imewekwa juzi. Na ya radiamu usiikwangue wala kuifungua mezani kwako hata kama haiwaki tena, mionzi yake bado ipo na vumbi lake si la kuvuta.

Bodi ni rahisi zaidi. Masikio yanayoshika mkanda yanatakiwa yawe na kingo, yakiwa mviringo kama sabuni iliyotumika basi imesuguliwa mno, na chuma kilichosuguliwa hakirudi. Kwa Rolex za zamani mwambie muuzaji atoe mkanda, upande wa namba 12 kati ya masikio kuna namba ya modeli, upande wa 6 kuna namba ya saa yenyewe. Akianza hadithi nyingi za kwa nini mkanda hautoki, aga uende zako.

Ila usijione mjanja sana. Mwaka 2021 Omega wenyewe walinunua Speedmaster ya miaka ya 1950 kwenye mnada wa Phillips kule Geneva, zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na 2023 wakaja kusema imeungwaungwa kwa vipuri vya saa tofauti. Hao ndo waliozitengeneza!

Sasa tuje kwenye zinazoniumiza roho, Rolex za jambia. Sultan Qaboos wa Oman, aliyeshika madaraka 1970, alikuwa anaagiza saa kupitia Asprey, duka la vitu vya kifahari la London, zikiwa na jambia na panga mbili zilizopishana juu ya uso, nyingine jambia jekundu kabisa, anawazawadia maofisa wake na wanajeshi wa Kiingereza waliopigana vita ya Dhofar, kusini mwa Oman. Ni Rolex ileile, lakini kile kialama kidogo kinazidisha bei mara nyingi, na ndo maana matapeli wanakipiga chapa kwenye saa ya kawaida. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ya babu, alipewa Maskati", usibishane, omba picha ya babu ameivaa, barua, boksi, chochote, na fungua mfuniko wa nyuma maana baadhi zina jina la Asprey kwa ndani. Rolex hawatoi cheti cha kumbukumbu za zamani kama wanavyotoa Patek Philippe, hivyo historia ya familia ndo karatasi yako.

Kama mfuko haujafika huko (wangu haujafika), jifunzie kwenye Seiko. Namba ya nyuma, tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ikianza na 73 ni Machi ya mwaka unaoishia na 7, na kama mashine ni 6139 iliyoanza 1969 na kuishia na muongo wa 70, basi ni 1977. Zile Seiko 5 zenye nyuso za rangi kali kama pipi, nyingi zimepakwa upya India, achana nazo.

Ukishainunua, usiogelee nayo hata kama imeandikwa mita 200, mipira yake ya kuzuia maji ilishakauka kitambo. Na ukiipeleka kwa fundi mwambie mapema, tena mwandikie kwenye karatasi: asisugue bodi, asibadilishe mishale, asiguse uso, na kipuri chochote cha zamani anachotoa akurudishie kwenye kimfuko. Wa kwangu aliwahi kunibadilishia kichwa cha kujazia saa, kile cha pembeni, "nikufurahishe bosi", cha zamani kashatupa.