Somo: Kuufuata umeme kutoka kituo cha kupoza hadi nyumbani

Wengi tunadhani kituo cha kupoza umeme ndiko umeme unakozalishwa. Sivyo. Kituo cha Madaba, mkoani Ruvuma, kinaupokea, kinaushusha na kuugawa. Tuufuate.

Hatua ya 1. Tazama minara ya chuma inayotoka Makambako kwenda Songea. Inabeba msongo, yaani nguvu inayousukuma umeme kwenye waya, wa kilovolti 220 (kilovolti moja ni volti 1,000). Kabla laini hiyo haijawashwa mwaka 2018, Songea ilitegemea zaidi majenereta ya dizeli.

Hatua ya 2. Kituoni, transfoma kubwa inashusha msongo hadi kilovolti 33. Huko ndiko "kupoza". Kinachopozwa ni msongo, si joto. Kwa nini usishushwe zaidi palepale? Kwa sababu vijiji viko mbalimbali. Mzigo uleule wa umeme unaohitajika vijijini, kwenye waya uleule, ukisafirishwa kwa kilovolti 11, mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya, unakuwa mara tatu na umeme unaopotea njiani unakuwa mara tisa.

Hatua ya 3. Kila laini inayotoka kituoni ina kikata umeme chake. Kwangu mimi hii ndiyo kazi kubwa ya kituo. Mti ukiangukia laini moja, inazimwa hiyo tu. Vijiji vya laini nyingine havijui kilichotokea. Ukiona umeme umekatika, ukarudi, ukakatika tena kisha kimya, mara nyingi ni swichi iliyojaribu kuurudisha yenyewe ikakuta hitilafu bado ipo.

Hatua ya 4. Transfoma ya kijiji, ile ya juu ya nguzo, inaufikisha kwenye volti 230 za nyumbani.

Giza likiingia, anza mwishoni urudi nyuma. Ni kwako tu? Angalia swichi kuu na mita. Majirani wote wa transfoma yenu? Tazama kwa mbali kama kuna fyuzi inayoning'inia, upige simu ya dharura. Usipande nguzo, hata kama umeme "umekatika". Unaweza kurudi wakati wowote. Vijiji vyote hadi mjini? Tatizo liko kwenye laini au kituoni.

MASWALI

Fundi, minara inapita juu ya mashamba yetu, mbona tuko gizani?

Swali lenye uchungu, na una haki ya kuuliza. Kilovolti 220 hazichomolewi njiani kwa transfoma ya nguzo. Lazima kijengwe kituo kizima, na gharama yake ni kubwa mno kwa kijiji kimoja. Umeme wenu utakuja kwa laini ya kilovolti 33, pengine kutoka mbali. Fuatilieni hiyo.

Shikamoo fundi. Saa mbili usiku taa zinafifia na friji inaunguruma tu.

Marahaba. Muda huo kila nyumba imewasha, nawe huenda uko mwisho wa waya. Chomoa friji mpaka msongo upande, mota isiungue. Andikeni barua mkiwa wengi, muombe transfoma ya pili.

Kwetu walichota mafuta ya transfoma. Ikaungua.

Pole sana. Mafuta hayo ndiyo yanayoipoza na kuzuia umeme kuruka humo ndani. Ukiona michirizi ya mafuta kwenye nguzo, toa taarifa siku hiyohiyo.