Somo: Kupanga volti za pawa saplai ya ampu ya gitaa ya valvu

Wakuu, wengi wanaanza kwa kununua transfoma halafu ndo wanahangaika kutafuta valvu (ile chupa ya kioo inayokuza sauti) itakayoendana nayo. Geuzeni. Anza na valvu, transfoma iwe ya mwisho. Tuchukue ampu ndogo ya EL84 moja (valvu ya kusukuma spika) na 12AX7 moja (valvu ndogo ya kukuza sauti ya gitaa mwanzoni), wati kama 5 hivi, kwa mazoezi ya nyumbani inapiga vizuri tu.

Hatua ya 1: valvu inataka nini. Datashiti ya EL84 inasema ukiipa volti 250 kwenye anodi (bamba linalopokea elektroni) inakula miliampia 48, skrini (wavu wa ndani ya valvu) inakula 5.5, rezista ya kathodi (sehemu inayotoa elektroni) omu 135. 250 mara 0.048 ni wati 12, na hapo ndo mwisho wa anodi yake, kwahiyo wale wa kusukuma mpaka 300 ili "ipige kelele zaidi" bila kubadilisha hiyo rezista mnachoma valvu bure na kuzipata Arusha sio rahisi. Sasa kathodi yenyewe inapanda volti kama 7, waya wa transfoma ya spika nao unakula kama 12 (kama una omu 250), jumla kapasita ya kwanza (ile inayofuata baada ya dayodi) iwe na volti kama 270.

Hatua ya 2: transfoma. Volti za AC mara 1.41 unapata DC bila mzigo. Ukichukua 210 na briji ya dayodi nne za 1N4007 unapata 297, valvu zikishika inashuka karibu na 270, inategemea transfoma imesukwa vipi. DC yote ni kama miliampia 56 lakini usimwambie fundi wa kurewaindi 56, mwambie 100, maana dayodi zinachota umeme kwa mipigo mifupi mikali na waya mwembamba utachemka.

Hatua ya 3: ngazi za volti. Kutoka 270 weka rezista ya 2.2k (omu 2,200) kwenda skrini: hapo zinapita miliampia 7.5 (5.5 za skrini na 2 za 12AX7), zinapungua volti 16, unabaki na 254. Kisha 10k kwenda 12AX7 inayokula kama miliampia 2, zinapungua 20, unabaki na 234. Basi. Kapasita zote ziwe za volti 450, sio 300, kwa sababu ukiwasha tu hita (waya wa kupasha valvu moto) bado zina baridi, hakuna anayekula, volti zote zinakaa juu.

Hatua ya 4: hita, volti 6.3. EL84 ampia 0.76, 12AX7 0.3, mwombe fundi waya wa ampia 2 ipumue.

Na weka rezista ya 220k wati 2 sambamba na kapasita ya kwanza ili umeme uishe ukizima. Hata hivyo pima na mita kabla ya kutia mkono. Volti 297 za DC zinaua, sio mzaha.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Mkuu nina transfoma ya ampu ya Marekani ya volti 120, nikiweka stepdauni si inatosha?
Jibu: Angalia kibandiko kaka. Kama imeandikwa 50/60 sawa. Kama ni 60 peke yake, umeme wetu ni 50, chuma cha transfoma kinaweza kujaa sumaku, itaunguruma na kuchemka hata bila mzigo, na stepdauni haibadilishi hilo.

Mdau wa Moshi: Huku kwetu usiku umeme unapanda mpaka 250 na kitu.
Jibu: 253 ni asilimia 10 juu ya 230, kwahiyo kila kitu kinapanda hivyohivyo, hita zinagonga 6.9 ambayo ndo ukingoni. Pima siku kadhaa saa tofauti, ukiona ni kawaida mwambie fundi aongeze tepu (ncha ya ziada ya waya) ya 240 upande wa kuingilia.

Dada wa Njiro: Nimeuziwa ya 210-0-210, naiweka kwenye briji hiyohiyo?
Jibu: Dada usithubutu! Ukiunga ncha mbili za nje kwenye briji unapata 420 mara 1.41, karibu 592, kapasita zitalipuka. Waya wa kati peleka chesisi, kila ncha ya nje dayodi moja, toleo la dayodi zote mbili liungane kwenye kapasita. Ila kwenye mpangilio huo kila dayodi inakutana na karibu volti 600 kinyume, 1N4007 inahimili 1000, zile za 4004 za volti 400 hapana.