Unataka kuanza Kiojibwe? Anzia hapa

Kiojibwe, lugha ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, wenyewe wanakiita Anishinaabemowin, kinaongelewa huku Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, Minnesota, Wisconsin, Ontario na kwingineko. Kwanza kabisa masikio. Ingia kamusi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ni bure, ina sauti za wazee wenyewe, sikiliza neno, rudia kwa sauti, usisome kimyakimya. Irabu mbili maana yake unavuta, aa, ii, oo, ila e huandikwa moja na siku zote ni ndefu.

Halafu sisi tuliozoea ngeli tuna bahati jamani, maana nomino zao ziko makundi mawili, zenye uhai na zisizo na uhai, na jiwe, asin, liko kwenye uhai! Wingi wake asiniig, lakini mtumbwi, jiimaan, usio na uhai, unakuwa jiimaanan, kwa hiyo kila nomino ishike pamoja na wingi wake.

Kazi kubwa ni vitenzi, humo ndo lugha yenyewe ilipo. Nibaa, analala. Ninibaa, nalala. Ginibaa, unalala. Chukua vitenzi vichache vya nyumbani uvizungushe hivyo kila siku, na ukipata mzee wa kuongea naye msalimie Boozhoo, akikusahihisha sema Miigwech, asante, urudie tena.