Gari limelala, mapanga ya feni yamepinda: namna shata inavyoharibu picha za vitu vyenye kasi

Piga picha ya pangaboi linalozunguka kwa simu, shata (kinachoamua mwanga uingie kwa muda gani) ikiwa 1/4000 ya sekunde. Mapanga yatatoka makali, bila ukungu, lakini moja nene, jingine jembamba, yote yamepinda kama mundu. Wengi wakiona hivyo wanaongeza kasi ya shata. Haisaidii. Hiyo 1/4000 ni muda ambao kila mstari wa picha unapokea mwanga. Mistari yenyewe husomwa mmoja baada ya mwingine, na zamu ya mstari wa mwisho inapofika, kitu kimeshasogea. Ndiyo maana gari linalopita huonekana limelala, yaani limeinama upande. Kinachopinda picha ni huo muda wa kusoma sensa nzima, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachonasa mwanga.

Hatua ya 1: pima muda wa kusoma. Tafuta taa ya LED ya bei rahisi. Umeme wetu ni 50 Hz, kwa hiyo taa ya namna hiyo hufifia mara 100 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 10. Iangazie peke yake ukuta mweupe, weka shata ya kielektroniki (isiyo na kipande kinachosogea) 1/2000, pandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi picha ionekane. Utaona michirizi ya giza. Hesabu: ikiingia miwili pamoja na nafasi zake za mwanga, sensa yako inasomwa kwa milisekunde 20. Usipoona michirizi, taa hiyo ina saketi nzuri inayotuliza umeme. Tafuta mbovu zaidi.

Hatua ya 2: piga hesabu kabla ya picha. Pangaboi la mizunguko 300 kwa dakika hugeuka digrii 36 ndani ya hizo milisekunde 20. Gari la kilomita 60 kwa saa husogea sentimita 33. Lakini hizo 33 ni pale gari linapojaza fremu kuanzia juu hadi chini. Likichukua theluthi ya urefu, paa na tairi vinapishana sentimita 11 tu. Kwa hiyo piga kwa upana, kisha kata picha baadaye.

Hatua ya 3: tumia shata ya mitambo kama ipo. Mapazia yake hupita mbele ya sensa kwa takriban milisekunde 4, na lile gari sasa linapishana sentimita 7 hata likijaza fremu. Hayamalizi tatizo: picha maarufu ya Jacques Henri Lartigue ya gari la mashindano Ufaransa, ya miaka ya 1910, ina tairi la umbo la yai lililoinamia mbele, na hiyo ni kazi ya pazia.

Hatua ya 4: gizani, tumia flashi. Shata ya mitambo 1/160: kwa kasi hiyo kuna wakati sensa yote iko wazi, na flashi ikiwaka hapo, mistari yote inapata mwanga kwa mpigo mmoja. Mapanga yananyooka kabisa. Usiwashe flashi ya kasi ya juu. Hiyo hudundadunda muda wote pazia likipita, na mpindo unarudi.

Maswali ya wanachama

*Nikiifuatisha boda boda na kamera, pikipiki inanyooka ila nguzo za umeme zinalala. Kwa nini?*
Mkuu, ndani ya fremu pikipiki imetulia, nguzo ndizo zinazokimbia. Angalia pia spoku: bado zimepinda, kwa sababu gurudumu linaendelea kuzunguka.

*Propela ya Cessna Caravan pale Zanzibar inatoka kama ndizi zinazoelea.*
Propela hiyo hufika mizunguko 1,900 kwa dakika. Ndani ya milisekunde 20 imegeuka zaidi ya nusu duara. Shusha shata hadi 1/125: kila panga litafagia kama digrii 90, na utapata duara laini la ukungu. Kwa ndege inayoruka, hata lisipopinda, panga lililoganda linafanya injini ionekane imezimika.

*Simu haina shata ya mitambo. Nikiigeuza wima?*
Gari halitalala tena, ila litarefuka au kufupika, kutegemea linakwenda upande uleule wa usomaji au kinyume chake. Jaribu pande zote mbili. Basi lililofupika huonekana vibaya kuliko lililorefuka kidogo.

*Kuna kamera isiyopinda kabisa?*
Sony A9 III ya 2023 husoma sensa yote kwa wakati mmoja. Kwa bei ya chini zaidi, tafuta yenye shata ndani ya lenzi, kama Fujifilm X100, halafu hakikisha kwenye menyu haijajipeleka kwenye shata ya kielektroniki.