Namna ya Kuandaa Ziara ya Makumbusho ya Sanaa kwa Wazee Wenye Ugonjwa wa Kusahau

Jumba la makumbusho ya sanaa halitibu ugonjwa wa Alzheimer, na anayeliendesha asimwahidi mtu kwamba litamponya. Linachoweza kumpa mzee na mtu anayemlea ni mazungumzo yasiyotegemea kumbukumbu, kwa kuwa jambo linalozungumzwa liko ukutani, mbele ya macho yao wote wawili. Museum of Modern Art ya New York ilianza mpango wa namna hii mwaka 2006, ikiwapokea wageni hao siku ambayo ilikuwa imefungwa kwa umma, na hata jumba dogo lenye vyumba viwili linaweza kufuata mfano huo.

Anza kwa kuzungumza na wanaowahudumia wazee: kliniki ya jirani, wauguzi, viongozi wa msikiti au kanisa. Mjini Montreal, mwaka 2018, madaktari wa chama cha Médecins francophones du Canada walianza kuwaandikia wagonjwa ziara za bure katika makumbusho ya sanaa ya mji huo, pamoja na jamaa zao. Karatasi ya daktari ina uzito nyumbani, kwani huwafanya jamaa waihesabu safari hiyo kuwa sehemu ya matunzo badala ya anasa.

Chagua kazi nne au tano tu zinazohusiana, kwa mfano zote zihusu bahari au soko. Michoro ya Tingatinga inafaa sana, kwa sababu wanyama wake hutambulika kwa mbali; hata hivyo rangi zake za kung'aa huakisi taa, hivyo kalia mwenyewe kila kiti kabla wageni hawajafika, ukivisogeza mpaka mng'ao usiwasumbue. Ondoa zulia jeusi mlangoni, maana mgonjwa anaweza kuliona kama shimo akaogopa kulikanyaga. Choo kiwe karibu.

Kazi kubwa imo katika kuzungumza. Mwamkie mzee kwanza, kwa shikamoo na kwa jina lake, kabla ya kumsemesha mwanawe, wala usimuulize mwana habari za mzee ilhali mwenyewe ameketi hapo. Usiulize kamwe, "Unakumbuka?", kwa sababu swali hilo humkabili na kile hasa alichopoteza. Uliza, "Unaona nini hapa?", kisha, "Kipi kinakufanya useme hivyo?", halafu nyamaza. Ukimya huo unaweza kuwa mrefu kuliko ulivyozoea, na mwongozaji mzuri ni yule anayeuvumilia bila kujijibia. Mzee akiita jahazi nyumba, muulize nani anaishi humo. Kumsahihisha hakumfaidii chochote. Maelezo ya msanii na mwaka wa mchoro yawe sentensi moja au mbili, yaje baada ya wageni kusema yao.

Mlezi naye ni mgeni wako, kwani mara nyingi amechoka kuliko anavyoonyesha. Mwulize naye anaona nini, na umzuie kwa upole asimjibie mzazi wake.

Kabla na baada ya ziara, wape wote kadi yenye nyuso zilizochorwa, kuanzia ya huzuni hadi ya furaha, kila mmoja aonyeshe inayolingana na hali yake, kisha uipelekee kliniki matokeo kwa jumla, bila majina. Rudieni kila mwezi, siku na saa zilezile, na mwongozaji yuleyule.