Wakikushika na kamera tao: ya kufanya hapo hapo, na ya kufanya video ikishatoka

Kama unapita mbele ya Archives hapa Nairobi saa kumi na moja jioni ushawaona hawa wa video za pranki. Wawili au watatu, mmoja ana maiki imevishwa sponji, mwingine ameshika simu kwa ile fimbo yake, na wanachagua mtu wa kusimamisha. Hawachagui wanaume wanne wakitembea pamoja. Wanachagua dada ako peke yake, mama amebeba mzigo mikono yote miwili, kijana wa suti ya intavyu anaonekana ni mgeni tao.

Mimi walinichagua nikikimbilia mathree za Rongai pale Railways. Kijana akaniuliza kama naeza kubali mwanaume hana gari, nikamwambia niko na haraka, akanifuata, nikamwambia tena, akashika mkanda wa handbag yangu akisema "aki siz ni kamchezo tu", na hapo ndio nikamlipukia. Walichoposti ni sekunde 11 za mimi nikipiga nduru. Swali halikuwa ndani, kushikwa kwa mkoba hakukuwa ndani, na Jumapili mtoto wa dadangu akanionyesha kwa meza tukikula. Nililia usiku huo na nikaingia kwa kamenti kujitetea, ikawa ndio video inapanda zaidi. So haya naandika nimeyajua nikiwa nimeshachomeka, na sitaki wewe uanze pale nilianzia.

Kitu cha kwanza jua wanataka nini. Wanataka uso na wanataka hasira, ama aibu, ama kicheko cha kujilazimisha, chochote kinachosonga. Ukisimama kubishana umewapa vyote. Usisimame. Sema sentensi moja, kwa sauti, mara moja: "Sijakubali kurekodiwa, usiposti hii." Haimtishi mtu lakini maiki yao inaishika, na baadaye wakisema ulikubali kuna sauti yako ikisema hapana. Kisha weka mtandio ama mkono mbele ya uso na uendelee kutembea, usitoroke kwa kichochoro, ingia mahali kuna mlango na askari, supamaketi, benki, duka la dawa. Mwambie askari "hawa wananifuata" na ukae hapo dakika kumi. Kama bado wako nje mpigie mtu, usipande gari ya nyumbani wakikuangalia.

Na tafadhali usinyakue simu yao. Najua mkono unawasha. Lakini hii ni Nairobi, ukivuta simu ya mtu hapo Tom Mboya na mmoja wao apige kelele "mwizi!", wale watu wanaokuja mbio hawatauliza nani alianza. Na hata usipopigwa, simu ikianguka ikapasuka ni wewe utaandika stetimenti ya kuharibu mali ya mtu.

Wakikushika mwili mambo yamebadilika, hiyo si kontenti tena. Hapo piga kelele na uchague mtu mmoja, "wewe baba wa kofia nyekundu, nisaidie", kwa sababu ukiita watu wote kila mtu anangoja mwenzake. Namba za polisi ni 999 ama 112. Kuguswa sehemu za siri, matiti ama makalio bila kukubali ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Kuvuliwa nguo ndio nzito zaidi: baada ya yale ya Novemba 2014, dada akavuliwa na wanaume hapa hapa tao na video ikazunguka, wanawake wakaandamana wakisema nguo yangu chaguo langu, na mwezi uliofuata kifungu 251A kikaingia kwa Kanuni ya Adhabu. Kifungo si chini ya miaka 10. Ukiwa umeumia anza hospitali, kisha polisi, uulize fomu ya P3, ile ya polisi daktari anajaza kuonyesha umeumia vipi.

Sasa, video ikishatoka. Najua unataka kujibu. Usijibu, na uwaambie marafiki wasiishea hata kwa kukutetea, kila mtu anayeishea "aki ona venye wanafanyia wanawake" anaisukuma mbele tu. Badala yake kaa chini ukusanye, hata kabla hujaomba waitoe, kwa sababu wakiitoa na wewe huna kitu umebaki na maneno. Nakili linki yenyewe, skrinshoti pekee haitoshi. Piga skrinshoti ionyeshe jina la akaunti, tarehe, idadi ya waliotazama. Pakua video. Kama kuna kamenti za kukutisha zishike moja moja. Halafu andika kwa daftari ama jitumie WhatsApp: ulikuwa wapi, saa ngapi, walisema nini, nani aliona. Ukingoja wiki utasahau rangi ya shati. Kesi ikifika kortini ushahidi wa simu unahitaji cheti cha mtu aliyeutoa kwa hiyo simu, kwa hivyo usifute chochote na usibadilishe simu kabla hujauliza.

Ukishakusanya, mtumie mwenye akaunti ujumbe mmoja, wa heshima, bila matusi: sikukubali, video iko hapa, naomba uitoe kufikia kesho saa sita. Mmoja tu. Jibu lake ni ushahidi, kunyamaza kwake pia ni ushahidi. Akikuitisha pesa ndio aitoe usilipe, weka hiyo meseji vizuri, umepata kesi kubwa kuliko ile ulikuwa nayo. Ripoti pia kwa app yenyewe na uchague sababu inayolingana, faragha ama unyanyasaji, si ile tu ya "siipendi hii".

Hapa ndio watu wengi wanaachia, na ndio hapa kuna nguvu. Kukupiga picha barabarani peke yake si jinai, hilo tukubali. Lakini uso wako ni data yako chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na Katiba kifungu cha 31 inakupa faragha, na mtu anayetumia sura yako kutafuta pesa anahitaji ukubali. Malalamiko unapeleka kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, iko Britam Tower kule Upper Hill, ama kwa tovuti yao. Huhitaji wakili, sheria inakuruhusu ulalamike kwa kuandika ama kwa mdomo, na wanatakiwa wamalize ndani ya siku 90. Si ofisi ya mapambo hii. Septemba 2023 walipiga Casa Vera Lounge, klabu ya Ngong Road, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila wazazi kukubali. Kuna mipaka: picha ya matumizi ya nyumbani tu haimo, na kazi ya uandishi wa habari ina nafasi yake. Lakini akaunti ya pranki inayotangaza biashara za watu haiwezi kujiita familia.

Polisi nao uende kama kuna vitisho, kushikwa, ama picha za uchi. Usitoke hapo bila namba ya OB, ile ya kitabu cha polisi cha kuandika ripoti. Kama wa kaunta anakucheka omba dawati la jinsia. Kusambaza picha za utupu za mtu kuna faini ya mpaka shilingi 200,000 ama kifungo cha mpaka miaka 2, ama vyote viwili, kwa sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Ukitaka tu mtu wa kukusikiliza usiku, piga 1195, laini ya msaada wa dhuluma za kijinsia, ni bure.

Na wewe unayesimama kuangalia. Machi 2022 pale barabara ya Wangari Maathai watu wa boda walimvamia mwanamke kwa gari lake, na ile video ilisaidia kuwakamata, lakini pia huyo mama alionekana na nchi nzima akiwa kwa hali ile. Ukirekodi, rekodi sura za wanaomvamia na namba za pikipiki, si yeye, kisha umpe yeye ama polisi, usiposti.

Siku yangu mtu wa pekee aliyefanya kitu ni mama wa njugu. Alisimama tu na karai lake kati yangu na ile simu akasema "pita mami". Siku hizi nikiona wamemzunguka dada naenda polepole, napita katikati yao, na namwuliza kama anajua steji ya Rongai. Akinielewa tunatembea pamoja mpaka Moi Avenue.