Jinsi ya kumpendekeza mkulima apewe nishani ya taifa

Barua ya kwanza niliyoandika kumpendekeza jirani yangu ilikuwa na kurasa nne, na ndani yake hamkuwa na tarakimu hata moja. Nilimwita mchapakazi, mcha Mungu, mama wa wengi. Nilipoisoma tena baadaye, niliona ingefaa kusomwa kwenye mazishi ya mtu yeyote hapa Nyandarua, Kenya. Haikufika popote.

Kabla hujashika kalamu, jua unaomba nini. Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013 inataja, miongoni mwa sababu za mtu kutuzwa, mchango wa kupigiwa mfano katika uchumi na biashara, kwa nchi au kwa kaunti. Hilo neno "kaunti" ndilo mlango wetu. Si lazima uonyeshe kwamba huyu mama aliinusuru Kenya nzima. Lenga HSC, yaani pongezi za Mkuu wa Nchi, au OGW, nishani ya Shujaa Mkuu (Order of the Grand Warrior).

Sasa kazi yenyewe. Mimi ni katibu wa ushirika wa maziwa, kwa hiyo nilifungua madaftari. Zamani maziwa ya asubuhi tuliwauzia madalali kwa bei waliyotaka wao. Ya jioni yalilala, yakaganda, tukawapa ndama na mbwa. Jirani yangu ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba na mkokoteni wa punda, akakusanya wafugaji 11, kisha akatusukuma hadi tukanunua tangi la kupozea. Hiyo ndiyo hadithi. Andika hali ilivyokuwa kabla yake, alichofanya, na nani mwingine aliyefaidika. Ng'ombe wake akitoa lita nyingi, hiyo ni faida yake. Jirani akiuza maziwa ya jioni kwa sababu yake, hapo una hoja.

Kila dai lipe karatasi: ukurasa wa daftari la kupokelea maziwa, kumbukumbu za mkutano, risiti ya tangi. Halafu tafuta mashahidi wawili au watatu wasio ndugu zake. Afisa wa mifugo anafaa kuliko mwanasiasa, ambaye atajisifu yeye kwanza. Ukimpendekeza mfanyabiashara wa sokoni badala ya mkulima, naye apimwe hivyo hivyo: aliwalipa wakulima kwa wakati? Mzani wake ulikuwa wa haki? Na uliza mapema kama unayempendekeza ana kesi mahakamani, usije ukaaibika.

Majina huchujwa na kamati ya ushauri, kisha Rais ndiye anayetunuku. Kwa kuwa nishani nyingi hutangazwa karibu na Jamhuri, tarehe 12 Desemba, usingoje Novemba ndipo uanze kutafuta sahihi. Akitokea mtu wa kukuambia ana "mtu wake" Nairobi na anataka kitu kidogo, mfunge mlango.

Mhusika mwenyewe mwambie, maana utahitaji nambari ya kitambulisho chake na tarehe ambazo yeye pekee ndiye anayezikumbuka. Nilipomweleza wangu kwamba huenda akaitwa Nairobi kuvishwa nishani na kuongezewa herufi tatu baada ya jina, alifikiri kidogo, akauliza: siku hiyo nani atamkamulia ng'ombe?